Kivuko cha Darajani

Kiswahili kina majina mawili kwa mtu asiyepanda gari. Wapo wanaomwita mtembea kwa miguu na wapo wanaomwita muenda kwa miguu, na katika magazeti, maandishi ya serikali na mabango ya usalama barabarani majina haya hupokezana kana kwamba ni mamoja. Kwa masikio ya watu wa mwambao si mamoja. Kutembea, kwa mtu wa Unguja au wa Mombasa, ni kutoka kwa ajili ya hewa na mazungumzo. Ni kumzuru jamaa, ni kushuka pwani jioni kabla ya magharibi. Anayeondoka alfajiri na kikapu kuwahi samaki hatembei. Anakwenda. Mama aliyebeba mzigo kichwani na mtoto mgongoni akiulizwa kama anatembea, huenda akacheka, na huenda pia akakasirika.

Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo mizani inayofaa kupimia kila fikra ya kuitengeneza upya barabara ya mjini kwa maslahi ya watu wa miguu. Hapana budi kuuliza kwanza: ni watu wa miguu gani? Wale wanaotembea, au wale wanaokwenda?

Dunia ina mifano mashuhuri, na aghlabu hutajwa kila penye mjadala wa namna hii. Mnamo Novemba 1962 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, uliifunga kwa magari barabara ya Strøget, yenye urefu wa kilomita 1.1 hivi. Lilikuwa jaribio, na mwaka 1964 likawa jambo la kudumu. Wenye maduka walilalama kwamba biashara itakufa, na wapo waliosema kwamba Wadenmark si Wataliani hata wakae njiani wakipiga soga. Yakawa kinyume. Watu walijaa, biashara ikastawi, na msanifu majengo Jan Gehl akaifanya barabara hiyo kuwa kama darasa lake: akasimama akihesabu wanaopita, wanaosimama na wanaokaa, hata mwaka 1971 akatoa kitabu juu ya maisha yapitayo baina ya nyumba. Karibu nusu karne baada ya Strøget, mwezi Mei 2009, New York nayo ikaifunga kwa magari sehemu ya Broadway pale Times Square, ikatandaza viti vya plastiki juu ya lami, na watu wakakaa pale palipokuwa na teksi siku chache kabla.

Mifano hii haina haja ya kubezwa. Lakini yote miwili, khasa ule wa kwanza, ni mifano ya matembezi. Strøget inatazamwa kwa urefu wake: mtu huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili akiwa ameona, ameonwa na pengine amenunua. Na Unguja mafanikio ya fikra hiyo yanaonekana kwa macho. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009, na tangu hapo imekuwa mahali ambapo wenyeji na wageni hukutana kwa urojo na mishkaki, na vijana hujirusha baharini kwa michezo yao ya makachu huku kamera za watalii zikiwalenga. Ukuta wa bahari wa Mizingani nao ukafuata. Ni kazi njema zote mbili, na anayezikumbuka hali zilivyokuwa kabla hatazionea choyo. Hata hivyo Forodhani ni mahali pa kufikia. Mtu huvaa, hujitia manukato, akaenda Forodhani. Kuna barabara nyingine katika mji huohuo ambayo hakuna anayejitia manukato kwa ajili yake, na ndiyo inayobeba watu wengi zaidi.

Barabara hiyo kwa jina rasmi ni ya Benjamin Mkapa. Wengi wangali wakiiita Creek Road, na wengi zaidi huitaja kwa jina la kituo chake kikuu, Darajani. Inaanzia upande wa Mnazi Mmoja, penye jumba la makumbusho lenye kuba lililofunguliwa mwaka 1925, ikapita mbele ya soko la mwaka 1904, ikateremka kuelekea Malindi na bandarini. Magharibi yake ni Mji Mkongwe wenye hekta 96 zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mashariki yake ni Ng'ambo.

Mwenye kuisoma ramani kwa jicho la mshairi atagutuka, maana majina yote ya hapo ni ya majini. Darajani, na hakuna daraja. Funguni, na fungu la mchanga halionekani. Bwawani. Kisiwandui, ambako neno kisiwa limekaa katikati ya nchi kavu. Na Ng'ambo yenyewe, neno ambalo halina maana bila ya maji ya kuvuka. Majina haya si mapambo. Hapa palipita hori la bahari, lililoingia kutoka kaskazini na kuuzunguka mji kwa nyuma, hata maji yakijaa mji ukawa karibu kisiwa ndani ya kisiwa. Katika karne ya 20 hori likafukiwa kwa awamu, na juu ya kifusi ikalazwa lami.

Ndipo likatokea jambo ambalo wapangaji hawakulikusudia. Hori lilikuwa na tabia ya bahari: lilijaa na kupwa. Yakipwa, watu walivuka. Barabara iliyochukua nafasi yake haipwi ila usiku wa manane. Magari, daladala, vespa na bodaboda hujaa tangu alfajiri, na ule utengano baina ya Mji na Ng'ambo, ambao kufukiwa kwa maji kungeliufuta, ukarudi kwa sura nyingine. Si bure kwamba mistari myeupe ichorwayo juu ya lami ili watu wapite Kiswahili kiliipa jina la kivuko, jina lilelile la mahali pa kuvukia mto na la chombo cha kuvushia watu baharini. Mwenye kulitumia kwa barabara za bara anasema kwa istiari. Darajani si istiari hata kidogo.

Basi kosa la kwanza la kila anayetaka kuifanya barabara hii iwapendeze watu wa miguu ni kuitazama kwa urefu. Mchoro huanza na njia pana ya kando, safu ya miti, taa za nakshi, viti vya chuma, na mwisho wake huwa ni Strøget iliyotiwa minazi. Lakini ni nani anayeifuata Darajani kwa urefu wake, kutoka Mnazi Mmoja mpaka Malindi, kwa starehe? Watu wanaivuka. Wanatoka Ng'ambo kwenda sokoni, kazini, skuli, msikitini, na wanarudi na vikapu vimejaa. Kazi ya barabara hii ni kuvukwa, na urefu wake ni jambo la pili.

Mipango ya mji wa Zanzibar imeandikwa mara nyingi kuliko diwani za baadhi ya washairi wake. Mwaka 1923 Lanchester alichapisha wake, akiuita uchunguzi wa upangaji wa miji ya nchi za joto. Mwaka 1958 ukaja wa Kendall. Mwaka 1968, miaka minne baada ya Mapinduzi, wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki wakachora mwingine, na mwaka 1982 Wachina wakachora wao. Mwaka 1994 ukafuata mpango wa hifadhi ulioongozwa na Francesco Siravo chini ya mwavuli wa Aga Khan, uliotanguliwa na ukaguzi wa nyumba moja moja, karibu 1,700 kwa jumla. Ukisomwa mmoja baada ya mmoja, jambo linalodhihiri ni kwamba kila mpango una upande wake. Ile ya kikoloni iliuona mji wa mawe kuwa ndio mji, na Ng'ambo kuwa tatizo la afya na la utaratibu, ijapokuwa ndiko walikoishi watu wengi. Ule wa 1968 uliigeuza meza: Ng'ambo ndiyo iliyopewa ndoto, nayo ni majumba marefu ya Michenzani na barabara pana zilizonyooka, ambazo machoni ni fahari na kwa muenda kwa miguu saa saba mchana ni jua tupu. Ule wa 1994 ukarudi magharibi na kuushughulikia Mji Mkongwe kwa mapenzi makubwa, mpaka kwenye kona ya barza na ukingo wa dirisha.

Hakuna uliolifanya hori kuwa kiini chake. Katika karibu yote Darajani ni ukingo wa karatasi, mahali ramani inapoishia. Na mahali ramani inapoishia ndipo mhandisi wa barabara anapoachiwa apitishe gari zake.

Haki inataka itajwe kazi ya miaka ya 2010 iliyobeba jina la Ng'ambo Tuitakayo, iliyoongozwa na idara ya mipango miji na vijiji ya Zanzibar pamoja na washirika wa Uholanzi. Sarufi ya jina lake peke yake ni hatua: mipango iliyotangulia ilisema kwa nafsi ya tatu juu ya watu, huu ukathubutu kusema kwa nafsi ya kwanza wingi. Ulikusanya majina ya mitaa, kumbukumbu na desturi za mahali, vitu ambavyo wapangaji wa zamani wangeliviona ni porojo. Na bado jina limebaki la upande mmoja. Yumkini hilo halikuepukika, kwa kuwa upande wa pili ulikwisha kupata waandishi na fedha.

Fasihi ya visiwani nayo haina la kujivunia sana hapa. Washairi wameifanyia haki milango iliyonakshiwa, wakavisifu vichochoro na kuyalilia majumba yanayoanguka. Barabara inayoutenga mji na nafsi yake wameipita kimya. Aliyeielewa ni mwandishi wa riwaya. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, Yasmin anamkimbia Bwana Raza, mume mzee aliyeozeshwa, na hifadhi anaipata kwa Mwajuma, Ng'ambo. Safari hiyo kwa mwendo wa miguu ni fupi mno. Asiyeujua mji hatoiona. Kwa maisha ya Yasmin ni ndefu kuliko ya meli, maana ameacha kabila, heshima na ukoo upande mmoja na kutokea upande wa pili akiwa mtu mwingine. Shafi hakuhitaji kueleza hori lilikuwa wapi. Msomaji wa pwani anajua kwamba pamevukwa. Kabla ya riwaya hiyo, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, Siti binti Saad wa Fumba alikuwa akiimba katika majumba ya matajiri wa mjini na pia kwa watu wa Ng'ambo, na taarabu yake iliunganisha kingo hizo mbili kuliko mpango wowote uliowahi kuchapishwa.

Nini basi kingekuwa kipimo cha barabara iliyotengenezwa vizuri hapo? Wahandisi wa nchi nyingi wana jina la kipande kilichoinuliwa katikati ya barabara ili anayevuka apumue kabla ya kumaliza safari: wanakiita kisiwa. Mtu wa Unguja hana haja ya kufafanuliwa faida ya kisiwa. Mwenye kuvuka njia mbili za magari kwa mkupuo mmoja anahitaji pengo kubwa katika pande zote mbili kwa wakati mmoja, na pengo kama hilo Darajani halipatikani saa ya soko; mwenye kisiwa anahitaji pengo dogo, kisha jingine. Ni hesabu nyepesi, na kikongwe mwenye bakora anaijua bila ya kufundishwa. Kivuko chenyewe kikiinuliwa kifikie kimo cha njia ya kando, ni gari inayopanda na kushuka, na mtu anakwenda sawasawa. Mkokoteni unapita, kiti cha magurudumu kinapita. Kona ikibanwa, dereva hana budi kupunguza mwendo, wakati kona pana humwalika apinde kwa kasi. Na mwendo ndio uhai. Sheria ya Tanzania inaruhusu kilomita 50 kwa saa penye makaazi. Anayegongwa na gari iendayo 30 aghlabu huokoka. Kwa 50 hatari hupanda mara nyingi zaidi.

Kuna pia jua na mvua, ambazo Copenhagen hawakuzifikiria kwa namna hii. Kungoja kuvuka bila ya kivuli, mwezi wa Februari, ni adhabu. Majengo ya kale ya pwani yalilijua hilo, yakatoa baraza na vibaraza vilivyofunikwa mbele ya maduka ili mnunuzi na mpita njia wasimame pamoja. Masika nayo yakishuka, maji hutafuta yalikozoea kukaa, na sehemu za chini za mji huu zimekwishajua maana ya kufukia hori bila ya kuyauliza maji yaende wapi. Njia nzuri ya miguu isiyokuwa na mtaro mzuri hudumu mpaka Aprili.

Jambo gumu kuliko yote ni wauzaji. Kila barabara inaposafishwa, wa kwanza kusafishwa ni mwenye meza ya nyanya. Si mara moja wauzaji wa Darajani wamehamishwa kwa hoja kwamba wanaziba njia ya watu, na si mara moja wamerudi, kwa sababu wateja wao ni watu wa miguu walewale wanaosemwa kuzibiwa. Ni kweli kwamba penye meza nyingi mpita njia husukumwa akateremka barabarani, na wenye kulisema hilo hawasemi uongo. Lakini njia iliyotolewa wauzaji ikabaki tupu haimfai anayekwenda. Inamfaa anayetembea, na khasa anayetembea na kamera. Mama anayepita Darajani anataka apate mchicha na ndimu palepale anapovuka, asizunguke. Mchoro ambao haukuwapangia wauzaji mahali, kwa upana wa meza na mkondo wa watu, haujamaliza hata nusu ya kazi. Katika miaka ya karibuni majengo mapya ya biashara yameinuka Darajani. Yana uso mzuri na vioo vingi. Mwenye meza ya nyanya hakai kwenye vioo.

Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe kuna sheria ya zamani isiyoandikwa popote. Hamali akija na mzigo huita: Simile! Ni neno la kuomba njia. Anayeitwa husogea ukutani, au hupanda barzani, na akishasogea hushukuriwa au huamkiwa. Mara nyingine wawili hao wanajuana na mzigo husimama kwa salamu mbili tatu. Neno hilo linakubali kwamba njia ni ya yule mwingine kwanza. Honi haikubali hivyo. Honi inaarifu kwamba njia ina mwenyewe naye amefika. Mji huu umeishi na sheria hizo mbili zikiwa zimegawanywa na upana wa soko: hatua chache ndani ya kichochoro ni simile, hatua chache nje ni honi. Vespa, ambazo zimeingia na honi zao hadi uvunguni mwa barza, zinajaribu kuieneza sheria ya nje ndani. Kutengeneza upya Darajani kungekuwa ni kuieneza ile ya ndani nje, angalau kwa upana wa vivuko vichache.

Washairi wana neno kituo kwa mstari wa mwisho wa ubeti, pale pumzi inaposhushwa. Wenye daladala nao wana kituo chao, na kwa miaka mingi Darajani kilikuwa kituo cha gari kuliko kuwa kituo cha watu. Mji wa magari umeendelea kukua: Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012, na katika ile ya 2022 wamefika 893,169. Wengi wao hawaishi Mji Mkongwe wala hawataishi. Wataendelea kuja, na wengi watashuka kwenye gari mahali fulani na kuimaliza safari kwa miguu, wakiwa na mizigo, na barabara moja ya kuvuka.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, wachoraji wanaweza kuanza na kazi isiyo na gharama: kukaa asubuhi moja karibu na mlango wa soko, tangu samaki wanaposhushwa mpaka adhuhuri, na kuandika ni wapi khasa watu wanavuka kwa hiari zao. Rangi ya vivuko ilipigwa mahali palipowafaa madereva. Watu huvukia kwingine, penye mlango, penye kivuli, penye mwenye ndimu, na vumbi la nyayo zao juu ya ukingo wa lami linaonyesha ni wapi.